Jinsi ya kuweka akiba ambayo mtu mmoja hawezi kuichota

Nafundisha vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, hapa Tanga, na nikiingia Ngamiani au Sahare swali ni lile lile: tumwamini nani? Wana haki ya kuuliza. Upatu wa DECI ulipozuiwa mwaka 2009 wengi walipoteza pesa zao, na Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa mpigo. Lakini godoro nalo halilindi. Noti zilizotolewa kati ya 1985 na 2003 zilikoma kutumika baada ya 5 Aprili 2025, na aliyezificha bila kusikia tangazo amebaki na karatasi. Kwa hiyo panga akiba yako isiwe mikononi mwa mtu mmoja, hata awe mcha Mungu namna gani.

Hatua ya 1: Igawe. Benki ikifungwa, bima ya amana inafidia hadi shilingi 7,500,000 kwa mteja katika kila benki. Ukizidisha hapo, fungua akaunti benki nyingine. Kwenye simu bakiza matumizi ya wiki tu. Sehemu nyingine ipeleke kikoba.

Hatua ya 2: Kusanya watu 15 hadi 25 wanaofahamiana kwa kazi au mtaa. Wauza samaki wa soko la Deep Sea wanafaa, mama lishe wa kijiwe kimoja wanafaa. Andikeni katiba, kisha msajili kikundi kupitia halmashauri, kama inavyotakiwa tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Usajili utawafaa siku ya ugomvi.

Hatua ya 3: Sanduku. Hapa msiharakishe, maana ndipo vikundi vingi vinapofia. Chongesheni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo wapewe watu watatu wa nyumba tofauti, asiwemo mwenyekiti, katibu wala mweka hazina. Sanduku lenyewe likae kwa mtu wa nne.

Siku ya kikao lifunguliwe mbele ya wote. Kabla ya kufungua, wanachama wataje kwa kichwa kiasi kilichobaki kikao kilichopita, ndipo wahesabuji wawili wahesabu kwa sauti. Kila mtu anunue hisa, yaani vipande vya akiba vya bei moja, kuanzia moja hadi tano, apigiwe muhuri kwenye kitabu chake, na nafasi zilizobaki zikatwe kwa wino mwekundu ili asije mtu akaongeza muhuri baadaye. Mikopo itolewe hapo hapo, isizidi mara tatu ya hisa za mkopaji. Vitabu vyote virudi sandukuni.

Atatokea wa kusema, "Sisi ni ndugu, kufuli tatu za nini?" Mjibuni kwamba zinamlinda hata mweka hazina: pesa ikipungua, hakuna wa kumnyooshea kidole. Na mwenye ufunguo asipofika, sanduku halifunguliwi. Msilegeze hapo hata mara moja.

Hatua ya 4: Linda kadi na simu. Wakopeshaji wa kausha damu, yaani mikopo ya mtaani yenye riba kali, hushika kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri. Usikubali, hata ukiwa na shida kiasi gani. Anayeshika kadi ndiye anayeamua kama wanao watakula mwisho wa mwezi. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa "ile hela itume namba hii" upeleke 15040.

Hatua ya 5: Andikeni haki ya kutoka. Mwanachama aweze kuondoka na thamani ya hisa zake baada ya kukatwa deni. Hisa zake asielezwe mume, mke wala mjumbe bila idhini yake. Kwa akina mama wengi, hii ndiyo akiba pekee wanayoiamulia wenyewe.

Hatua ya 6: Vunjeni kikoba kila mwaka. Mikopo yote irejeshwe kwanza. Kisha gawanyeni fedha zote kwa idadi ya hisa. Mfano: 6,000,000 kwa hisa 2,400 ni 2,500 kila hisa. Mlizinunua kwa 2,000 kila moja, basi faida ni 500, na mwenye hisa 150 anaondoka na 375,000. Mfanye mchana. Asiyetaka kutembea na pesa asindikizwe benki au kwa wakala. Mzunguko mpya ukianza, funguo zihamie kwa watu wengine watatu.