Kuuza chakula tao ofisi zikiwa nusu tupu
Tangu Machi 2020, wateja wangu wengi wa Moi Avenue wanafanyia kazi nyumbani. Ukiuza chakula huku, usipike kwa mazoea. Kila Jumapili jioni waulize kwenye WhatsApp nani anakuja tao siku gani. Mimi Jumatatu na Ijumaa nakanda kilo mbili za unga. Katikati ya wiki, sita. Maharagwe chemsha usiku, lakini kitunguu na nyanya usikaange hadi upate idadi. Chapati zifunike kwa kitambaa zingali moto, zisikauke.

Halafu, na hili nalisisitiza sana, tenga meza moja karibu na soketi. Kijana mwenye laptopu atakunywa chai, atakula mchana, na kesho atamleta mwenzake.