Somo: Namna ya Kuchagua Njia Tulivu ya Baiskeli Katika Vilima vya Mwanza

Wanachama wengi wa klabu yetu ya baiskeli huniandikia wakitaka niwatajie barabara moja tulivu ya kuendeshea baiskeli katika vilima vinavyouzunguka mji wetu. Nimeona ni afadhali nifundishe namna ya kuitafuta, kwa sababu barabara iliyo tulivu mwaka huu inaweza kuwekwa lami mwakani na kuanza kupitisha malori, ilhali anayejua kuchagua njia hatakosa nyingine.

Hatua ya kwanza: chunguza barabara inaishia wapi

Hii ndiyo hatua iliyo muhimu kuliko zote, nami nitakaa nayo kwa muda. Kabla hujaangalia milima, fungua ramani ufuate kila barabara kwa kidole hadi mwisho wake, kisha ujiulize ni nani mwenye haraka anayeihitaji. Barabara ya Shinyanga, inayopita Mkuyuni, Buhongwa, Usagara na Misungwi, inahitajiwa na kila basi na kila lori linalotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Barabara ya Musoma, inayopita Igoma, Kisesa, Nyanguge na Magu, inaendelea hadi mpaka wa Kenya pale Sirari. Hizi mbili zitumie pale tu ambapo huna njia nyingine ya kutokea mjini.

Wengi hudanganyika na barabara ya mchepuko ya Usagara hadi Kisesa. Kwenye ramani inavutia sana, kwa kuwa inauzunguka mji kwa nje na kupita mashambani, lakini ilijengwa mahsusi ili magari makubwa yasilazimike kupita katikati ya jiji, kwa hiyo kule kuuepuka mji ndiko kunakoyavuta malori. Barabara ya Usagara kwenda Kigongo nayo imebadilika. Wakati wa kivuko, magari yaliyotoka ng'ambo yalishuka kwa mafungu, na baada ya fungu moja kupita mwendesha baiskeli alipata nafasi ya kupumua. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, magari yanapita saa yoyote bila kusubiriana, na mtu anayepanga safari kwa kumbukumbu za zamani atashangaa.

Sasa tazama rasi na ghuba. Ziwa limeukatakata ufuko wetu kiasi kwamba barabara nyingi zinaishia majini, na barabara inayoishia majini haiwezi kuwa njia ya mkato ya mtu yeyote. Capri Point ni ya namna hiyo, na barabara zinazotoka Nyegezi na Malimbe kwenda Luchelele ni za namna hiyo pia. Upande wa kaskazini, ukishaupita uwanja wa ndege kuelekea Igombe na Kayenze, wengi utakaokutana nao ni watu wa mialo na wakulima. Kanuni nyingine inayosaidia ni kujua barabara iko chini ya nani: barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), na zile za mijini na vijijini husimamiwa na TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini). Njia zetu tulivu zitapatikana zaidi katika kundi hili la pili.

Hatua ya pili: pima mwinuko kwa hesabu

Usiridhike na mtu anayekwambia kwamba kilima fulani ni kikali. Tafuta kimo cha chini na kimo cha juu kwenye ramani yenye mistari ya kontua au kwenye programu ya simu, toa kimoja kwa kingine, gawanya kwa urefu wa barabara (nao uwe kwa mita), kisha zidisha kwa 100. Kilima kinachopanda mita 60 katika kilomita 1 kina mwinuko wa asilimia 6. Mwenye mazoezi ya kawaida ataumudu kwa gia nyepesi, bali mwenye gia moja atashuka na kukokota.

Vilima vya Mwanza vina tabia yake. Uso wa ziwa uko kwenye kimo cha mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, na vilima vyetu vya mawe ya matale (graniti) havipandi mbali sana juu ya hapo, lakini vinapanda ghafla. Wastani wa njia nzima unaweza kusoma asilimia 2, kumbe ndani yake kuna mita 200 zinazokutoa pumzi. Kwa hiyo pima kila kipande peke yake. Kuhusu gia, inatosha kukumbuka kwamba gia yenye meno sawa mbele na nyuma, kwa mfano 34 kwa 34, hulizungusha gurudumu mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, na hiyo ndiyo nyepesi ninayoipendekeza kwa vilima hivi.

Hatua ya tatu: chagua saa na siku

Kwa kuwa Mwanza iko upande wa magharibi wa nchi huku tukitumia majira yaleyale ya Afrika Mashariki, jua letu huchomoza takribani kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi. Anza mwanga unapotosha kuona mashimo. Kadiri nchi kavu inavyopata joto, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani, na wakati wa mvua mawingu ya radi hujikusanya alasiri. Juu ya kilima cha mawe matupu hakuna pa kujificha, hivyo uwe umekwisha kushuka mapema. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mikavu, ingawa vumbi lake linataka kitambaa cha kufunika pua.

Siku ya mnada iepuke kabisa. Barabara ya udongo iliyokuwa na baiskeli na mbuzi tu inaweza kujaa malori ya ng'ombe na pikipiki tangu alfajiri, kwa sababu ya mnada wa kijiji kimoja.

Hatua ya nne: waulize wanaoipita kila siku

Waulize madereva wa bodaboda wa kijiweni, lakini uliza swali lenye jibu. Ukisema, "Barabara ni nzuri?" utajibiwa kwamba ni nzuri. Sema, "Malori ya mchanga na kokoto yanapita huku? Yanapita saa ngapi?" Kwenye vilima vyetu watu wengi huponda mawe kwa nyundo na kuyauza kwa mafungu kando ya njia, na palipo na mafungu hayo lori litafika.

Hatua ya tano: jifunze kushuka kabla ya kujifunza kupanda

Kupanda huchosha tu. Anguko baya huja kwenye mteremko. Punguza mwendo kabla ya kona wala usingoje uwe ndani yake. Tumia breki zote mbili, ukijua kwamba ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi kwenye lami kavu, kwani uzito wa mwili husogea mbele unapopunguza mwendo. Lakini kwenye changarawe legevu breki ya mbele ikikamatwa kwa nguvu hulitelezesha gurudumu, kwa hiyo egemea zaidi ya nyuma na urudishe makalio nyuma ya kiti.

Angalia hasa upande wa ndani wa kona. Baada ya mvua, maji hukokota chembe za matale kutoka juu ya kilima na kuziacha pale kwenye mkunjo, nyeupe na zenye kingo kali kama chumvi ya mawe, unene wa kidole kimoja juu ya udongo mgumu. Ukiwa mbali huzioni. Ukizigusa ukiwa umeinamisha baiskeli, tairi halina cha kushika. Pita katikati ya upande wako wa kushoto, baiskeli ikiwa wima. Kwenye lami tazama matuta na rasta, ambavyo huwekwa palepale mwendo unapokuwa mkubwa.

Kwa safari ya kwanza nashauri uanzie Nyegezi, upite Malimbe kwenye Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kisha uende taratibu hadi Luchelele na kurudi kwa njia hiyohiyo. Kurudi kwa njia uliyokwisha kuiona ni usalama wenyewe, kwa sababu kila mteremko wa kurudi utakuwa umeupanda wakati wa kwenda na kuyaona mashimo yake kwa mwendo wa polepole.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Igoma: Shikamoo mwalimu. Baiskeli yangu ni ile nzito ya gia moja, ya kubebea mizigo. Je, somo hili linanihusu?

Marahaba. Linakuhusu sana, maana katika Kanda ya Ziwa baiskeli kama yako ndizo zinazopanda na kushuka vilima kila siku zikiwa na maziwa na mkaa. Panapozidi asilimia 5, shuka ukokote. Lakini ikiwa breki zako ni za vyuma zinazobana rimu, ujue hupoteza nguvu nyingi rimu ikilowa; mvua ikinyesha, shuka mteremko kwa miguu.

Mwanachama wa Buswelu: Kaka, mimi ni mwanamke na mara nyingi sina mwenzangu wa kuongozana naye. Unanishauri nini?

Dada, kwa njia usiyoijua, ngoja upate wenzako wawili au watatu. Kwa njia uliyokwisha kuizoea, mwachie mtu wa nyumbani maelezo ya njia na saa ya kurudi, na jenga mazoea ya kusimama kwenye duka lilelile kila unapopita. Wenye duka wakikufahamu, watakwambia pia ni lini njia haifai.

Mwanachama wa Pasiansi: Tunapanga kwenda Lushoto. Je, mazoezi ya vilima vya Mwanza yatatosha, na hewa ya kule haitatusumbua?

Hewa haitawasumbua, kwa kuwa mnaishi juu ya mita 1,100 tayari na Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Ugumu ni urefu. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na mnapanda takribani mita 1,000, yaani wastani wa asilimia 3, bila kupata mapumziko mliyoyazoea hapa kila baada ya kilima kifupi. Rudieni kilima kimoja mara nyingi bila kusimama, ili miguu izoee kazi ya saa nyingi.

Mwanachama wa Kirumba: Je, Ukerewe kunafaa? Na tukifika ufukweni tukiwa na vumbi, tunaweza kunawa ziwani?

Kunafaa sana, kwani kisiwa kizima kimezungukwa na maji na hakuna lori linalokipita kwenda mahali pengine. Mnaweza kwenda kwa meli hadi Nansio, au kwa barabara kupitia Bunda na Kisorya na kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi. Kunawa ziwani msifanye. Kichocho kipo katika ufuko wa ziwa letu, na vijidudu vyake hupenya ngozi ya mtu anayesimama tu kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na konokono. Bebeni maji ya kunawa kwenye chupa ya pili.