Kujifunza Sheria ya Vita kwa Kutazama Mashua za Lamu

Anayetaka kujifunza sheria ya kimataifa ya kibinadamu, yaani sheria ya vita, asianze na kauli za redioni. Aanze na Mikataba minne ya Geneva ya mwaka 1949, na hasa kifungu cha 3, kilichomo katika yote minne, kwa kuwa ndicho kinachogusa vita vya ndani ya nchi moja.

Kabla ya kuuliza nani amekosa, uliza kwanza: je, haya ni mapigano ya kivita kisheria, na ni ya aina gani? Vita baina ya dola vina kanuni nyingi zaidi kuliko vita vya serikali na kundi lenye silaha, na ghasia za mitaani hazimo kabisa katika sheria hii. Wengi huiruka hatua hii, na hapo ndipo wanapopotea.

Kisha jizoeze kupima kitu kimoja kimoja. Mimi hukaa gatini Lamu nikaitazama mashua inayoshusha changu na tafi. Kwa Mkataba wa Hague wa mwaka 1907, mashua ya uvuvi wa pwani haitekwi vitani, wala nyavu zake, wala samaki wake. Lakini ikishiriki uhasama kwa namna yoyote, tuseme kwa kuwachukulia wapiganaji risasi, kinga hiyo huondoka papo hapo. Hata hivyo ikizama, mabaharia wanaotapatapa majini bila kupigana hawashambuliwi, bali huokolewa, wawe wa upande wowote.

Ukimaliza mashua, geukia hospitali, msikiti na kisima kwa maswali yale yale: je, kina kinga, na kinga hiyo huondoka lini?