Jinsi ya kupanda Kilimanjaro na marafiki kwa siku 7, njia ya Machame

Nimebeba mizigo Mlima Kilimanjaro miaka minne, kisha nikasomea uongozaji, na mpaka leo kazi yangu ni kupandisha watu. Makundi yanayoninyima usingizi ni ya marafiki. Mgeni aliyekuja peke yake, kichwa kikimuuma ananiambia saa hiyo hiyo. Rafiki aliyezungukwa na wenzake aliosoma nao anameza Panadol kimya kimya, anacheka, anaendelea. Mwongozo huu nimewaandikia ninyi: ninyi wa grupu la WhatsApp ambao kila Desemba mnasema "mwakani tunaupanda".

Hatua ya 1: Kaeni kikao kabla ya kuchanga hela

Kaeni ana kwa ana ikiwezekana, mkubaliane mambo matatu, na kila mmoja ayatamke kwa kinywa chake.

Anayetembea taratibu kuliko wote ndiye atakayetangulia, nyuma tu ya mwongozaji. Wenye mbio watakaa nyuma yake. Wakimharakisha, wao ndio wanaoharibu safari, maana mlima huu hausumbui miguu kama unavyosumbua mapafu na ubongo.

Asubuhi na jioni, mkiwa kwenye hema la kulia, kila mtu ataeleza hali yake: kichwa, tumbo, usingizi, choo. Mnazunguka meza nzima bila kumruka mtu. "Niko poa" si jibu.

Mwongozaji akisema fulani anashuka, anashuka. Hakuna kupiga kura, hakuna "lakini amelipa hela nyingi". Atashuka na mwongozaji msaidizi, na wenye afya wataendelea. Mkubaliane hili mkiwa bado chini, kwa sababu kwenye mita 5,000 saa tisa usiku, kwenye baridi, hakuna anayefikiri sawasawa.

Niliwahi kupandisha marafiki sita waliomaliza chuo pamoja. Aliyewashawishi wenzake na kukusanya michango alianza kuumwa kichwa tukiwa kambi ya Karanga, hakusema. Kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, hakula, akadai ameshiba chai. Usiku wa kilele, tukiwa tumepita mita 5,200, nikaona fimbo yake inatua nje ya njia, kisha mguu nao ukafuata. Nikamwambia, "Kaka, hebu tembea hapa mstari mmoja, kisigino kiguse vidole." Hatua ya pili akaanguka. Tukamshusha usiku ule ule. Tulipofika kambi ya Mweka, mita 3,100, alikuwa anaongea vizuri na anaulizia ugali. Akaniambia, "Ningewaambiaje, wakati mimi ndiye niliyewaleta?" Tangu siku hiyo, kundi lisilokaa kikao hiki nyumbani, nalikalisha Moshi usiku wa kuamkia safari.

Hatua ya 2: Chagueni msimu, kisha msikate siku

Masika, yaani Machi mwishoni hadi Mei, yaacheni. Januari, Februari, na Juni hadi Oktoba ni miezi mizuri. Watanzania wengi wanapenda kupanda kuelekea Desemba 9, kumbukumbu ya Alexander Nyirenda aliyesimamisha bendera na Mwenge kileleni nchi ilipopata uhuru mwaka 1961. Mimi pia naipenda sana safari ya wakati huo, ila vuli huwa haijaisha vizuri. Koti la mvua liwe la kweli.

Njia ya Machame hupandwa kwa siku 6 au 7. Chukueni 7. Katika siku 6 mnatoka kambi ya Barranco moja kwa moja hadi Barafu na usiku huo huo mnaamshwa kwenda kileleni. Siku ya saba inawapa usiku mmoja Karanga. Kileleni, mita 5,895, kila pumzi inaingiza karibu nusu tu ya oksijeni mnayoipata pwani, na mwili unahitaji siku kuzoea, hauhongeki. Kama bajeti inabana, ahirisheni miezi mitatu mkusanye zaidi.

Hatua ya 3: Tafuteni kampuni, na ulizeni habari za wapagazi

Kilimanjaro hairuhusiwi kupandwa bila mwongozaji mwenye leseni, kwa hiyo lazima mpite kwenye kampuni. Raia wa Afrika Mashariki wanalipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, na ni kidogo sana kuliko cha wageni wa nje. Hakikisheni bei mliyopewa imehesabu hivyo, na mje na vitambulisho vyenu.

Kisha ulizeni bila aibu: wapagazi wanalipwa shilingi ngapi kwa siku, wanakula mara ngapi, wanalala kwenye hema gani? Kampuni inayojibu kwa kuzungukazunguka iacheni. Msishangae mkiona watu watatu au wanne wa kikosi kwa kila mpandaji. Mahema, gesi, chakula, meza na maji vyote vinapanda vichwani na migongoni mwao. Getini kuna mzani, na mwisho wa mzigo wa mpagazi ni kilo 20. Mimi nilibeba zaidi ya hapo enzi zangu, kwa mkubwa mmoja aliyejua kuupita mzani, na goti langu la kushoto halijasahau. Begi la kila mmoja wenu lisizidi kilo 15, ili nafasi ibaki ya vitu vya mpagazi mwenyewe.

Hatua ya 4: Vifaa

Viatu vinunuliwe miezi miwili kabla, vivaliwe kazini, sokoni na kanisani au msikitini hadi vizoee mguu. Hiki ndicho kitu pekee ninachokataa mtu akikodi. Vingine vyote vinakodishwa Moshi: mfuko wa kulalia wa baridi kali, koti zito, fimbo mbili, taa ya kichwani. Mkiwa na muda, zungukeni mitumba ya soko la Memorial. Jaketi la manyoya ya bata, suruali ya kuteleza theluji na soksi za sufu vinapatikana pale kwa bei ambayo duka haliwezi kuwapa. Suruali ya jinsi acheni nyumbani. Ikilowa haikauki, na usiku inakuwa kama bati.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, basi fungeni nguo kwenye mifuko ya kitambaa au ya turubai isiyopitisha maji.

Asiye na uhakika na afya yake, hasa mwenye presha, pumu, sukari au seli mundu, amwone daktari kwanza. Huko huko aulize kuhusu asetazolamaidi, dawa inayosaidia mwili kuzoea mwinuko. Msipeane vidonge kama karanga, na mwenye mzio wa dawa za salfa aseme.

Hatua ya 5: Pangeni chakula na mpishi

Maji yanachemka kwa joto dogo zaidi kadiri mnavyopanda. Barafu yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi, kwa hiyo maharage makavu mtayachemsha hadi gesi iishe na bado yatagonga meno. Yachemsheni Moshi, au yaacheni. Mwombeni mpishi mtori. Ndizi zilizopondwa na mchuzi wa nyama zinapita kooni hata siku ambayo hamu ya kula imekimbia, na zina maji na chumvi ndani yake. Uji asubuhi, supu jioni kabla ya chakula, tangawizi kwenye chai. Kila mmoja anywe lita 3 hadi 4 kwa siku, na mkojo uwe mweupe.

Hatua ya 6: Siku kwa siku

Siku ya 1. Geti la Machame liko kwenye mita 1,800 hivi, mwendo mfupi wa gari kutoka Moshi mjini. Kujiandikisha na kupima mizigo kunachukua muda, msikasirike. Kisha kilomita 11 za msitu, mbega juu ya miti, tope chini. Hapa ndipo marafiki wanapoanza kushindana. Mkumbushane kikao.

Siku ya 2. Kupanda Shira, kilomita 5 tu lakini zimesimama. Miti inaisha. Usiku maji yataganda nje ya hema.

Siku ya 3. Siku hii ndiyo inayoamua kilele, ingawa wengi wanaichukulia ya kawaida. Mnapanda hadi Lava Tower, zaidi ya mita 4,600, mnakula mchana pale, kisha mnashuka kulala Barranco, mita 3,900 na ushee. Panda juu, lala chini: mwili unaonjeshwa hewa nyembamba halafu unapewa usiku wa kujirekebisha. Karibu kila mtu kichwa kitamuuma Lava Tower. Kinachonihangaisha ni kama kinatulia baada ya kufika Barranco na kunywa maji. Kikizidi, au mtu akitapika, jioni hiyo mezani ndipo pa kusema. Njiani kuelekea kambini mtapita kwenye senesio, miti minene yenye vichwa vya majani kama kabichi, na lobelia zinazojifunga usiku kukinga kiini chake na baridi. Simameni hapo mpige picha, mwendo wa taratibu unawafaa.

Siku ya 4. Ukuta wa Barranco. Ukiutazama kutoka kambini unaona hauwezekani, ila hauhitaji kamba. Mnatumia mikono, fimbo zimefungwa begini, na mnawapisha wapagazi mkiwa ninyi upande wa ukuta. Mwenye hofu ya vimo akae katikati, rafiki mmoja mbele na mmoja nyuma, wamwonyeshe pa kuweka mguu. Kisha Karanga. Bonde la Karanga ndilo chanzo cha mwisho cha maji. Mtakayokunywa Barafu yanabebwa na wapagazi kutoka hapo, kwa hiyo kule juu msinawie miguu.

Siku ya 5. Karanga hadi Barafu, mita 4,673, mnafika mchana. Kuleni, laleni, kuleni tena jioni mapema. Hapa nafanya mzunguko wa mwisho wa meza, nikiwa na kipima oksijeni cha kidoleni, lakini namtazama mtu usoni kuliko namba. Mtu anayejibu polepole, anayeyumba akielekea chooni, anayekohoa na kuhema akiwa ameketi, haendi juu. Anashuka muda huo huo, hata kama giza limeingia. Kumpa dawa na kusubiri asubuhi ni kumweka hatarini.

Siku ya 6. Mnaamka saa tano usiku, mnaondoka kama saa sita. Weka chupa ya maji kichwa chini begini, kwa sababu barafu inaanza juu, na mdomo wa chupa utabaki wazi. Simu na betri zikae kifuani chini ya nguo, baridi inazimaliza. Msizungumze sana. Hesabuni hatua, vuteni pumzi, msikae chini zaidi ya dakika chache. Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, mtaifikia kama jua linachomoza juu ya Mawenzi. Kutoka hapo hadi kilele cha Uhuru ni mpando mdogo, saa moja hivi, na machozi ya kawaida. Kaeni robo saa, picha, kisha shukeni. Hiyo siku haijaisha: mnarudi Barafu kupumzika kidogo, halafu mnaendelea hadi kambi ya Mweka. Magoti ndiyo yatakayolalamika, na ajali nyingi za kuteguka ninazoziona hutokea wakati huu, watu wakiwa wamechoka na wanafurahi.

Siku ya 7. Saa tatu au nne za msitu hadi geti la Mweka.

Hatua ya 7: Getini

Bahasha za asante zipangeni usiku uliotangulia, na kila mpagazi apewe mkononi mwake, mbele ya wote, kiasi kikitajwa kwa sauti. Kumpa mtu mmoja awagawie wengine ndiko kunakoleta manung'uniko mjini. Nguo na glavu msizozihitaji tena, waachieni.

Aliyeshuka mapema atakuwa amewatangulia, huenda amekaa kwenye benchi na soda yake. Msipige picha ya kundi bila yeye.