Usukani ukiwa mwepesi, angalia ulivyopakia

Ndugu zangu mnaobeba korosho kwa pikapu kutoka Tandahimba kushuka Mtwara mjini, msirundike magunia mlangoni mwa bodi eti ndiyo rahisi kushusha. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli ya nyuma, yaani chuma kinachoshika matairi ya nyuma, pua ya gari inanyanyuka. Ukifika kwenye kona ya mchanga unakata usukani, gari linakwenda moja kwa moja. Hesabu yake ni hii: kama kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 3, kilo 100 ukiziweka mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, matairi ya mbele yanapoteza kilo 33 hivi. Ni nyingi, jamani! Anza kupakia kwenye mgongo wa kabini, kisha rudi nyuma taratibu.

Gari tupu lina shida ya kinyume: nyuma inateleza, tairi zinazunguka bure. Mimi huweka viroba viwili vya mchanga juu ya ekseli, nikavifunga kamba visitembee.

Usiku angalia taa. Zikimulika matawi ya mikorosho badala ya barabara, simama upange upya.