Jinsi ya kuomba shahada ya sayansi ya neva yenye mwaka wa kazi Uingereza, ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa PCB aliyeko Mbeya, Songwe, Njombe au Iringa anayetaka kusomea ubongo na mishipa ya fahamu, na wa mzazi atakayebeba gharama. Hapa nyumbani njia iliyozoeleka ya kuingia kwenye fani hii ni kusoma udaktari kwanza, kisha kubobea. Uingereza unaweza kuisoma kama shahada ya kwanza, na vyuo kama Manchester na Cardiff vina kozi yenye mwaka mzima wa kazi katikati: miaka miwili darasani, wa tatu kwenye kampuni ya dawa au taasisi ya utafiti, wa nne unarudi kumalizia. Usiufananishe na fildi ya wiki chache tuliyoizoea. Unaingia kazini kila siku, unapewa sehemu yako ya utafiti, unaandika ripoti na inapewa alama.

Chagua kozi yenye mwaka wa kazi tangu mwanzo

Maombi yote ya shahada ya kwanza hupitia mfumo mmoja wa udahili, UCAS, na unaruhusiwa machaguo yasiyozidi matano. Mara nyingi kozi ya miaka mitatu na ile ya miaka minne yenye kazi huwekwa kama kozi mbili, kila moja na namba yake ya utambulisho (course code). Chagua ya miaka minne. Watu husema, "Nitaongeza nikishafika." Kwa Mwingereza hilo ni jambo dogo, lakini wewe visa yako itatolewa kwa urefu wa kozi uliyodahiliwa. Ukiongeza mwaka baadaye, unaomba upya na unalipa upya.

Kabla ya kuchagua, andikia ofisi ya udahili ya kila chuo barua pepe yenye maswali haya. Nafasi ya kazi chuo ndicho kinatafuta, au mwanafunzi anajitafutia? Wanafunzi wa kimataifa wanaipata kweli? Ni alama gani lazima nifikishe ili niruhusiwe kwenda? Ada ya mwaka huo ni kiasi gani? (Vyuo vingi hupunguza ada mwaka wa kazi.) Je, kazi yenyewe ina mshahara? Hili la mwisho lisikuponyoke, kwa sababu kampuni kubwa kwa kawaida hulipa, lakini maabara nyingi za vyuo hazilipi, na mzazi anatakiwa kulijua mapema. Chuo kinachojibu vizuri maswali haya kipe uzito kuliko chenye jina kubwa.

Matokeo ya kidato cha sita

Soma ukurasa wa kila chuo unaohusu waombaji kutoka Tanzania. Vyuo vingine hupokea matokeo ya ACSEE moja kwa moja, vingine hutaka upitie kwanza mwaka wa msingi, yaani wa maandalizi kabla ya shahada (foundation year), na mwaka huo una gharama zake. Kama bado uko shuleni, utaomba kwa alama ambazo walimu wanatarajia utapata, hivyo matokeo yako ya mock yana kazi. Unahitaji pia barua ya mwalimu anayekufahamu darasani, ikiwezekana wa Biolojia au Kemia. Mpe muda wa kutosha, na umweleze kwamba barua hiyo inazungumzia uwezo wako wa masomo. Habari za tabia njema peke yake hazitoshi.

Tarehe ya mwisho ya mzunguko mkuu huwa Januari. Kwa udahili wa 2026 ilikuwa 14 Januari. Ada ya UCAS hulipwa mtandaoni kwa kadi, kwa hiyo ulizia benki mapema kama kadi ya mzazi imefunguliwa kwa malipo ya nje ya nchi.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo miongozo ya Uingereza haikuambii. Ukimaliza mtihani mwezi Mei unaweza kuitwa JKT kwa mujibu wa sheria, na matokeo kwa kawaida hutoka Julai ukiwa bado kambini, Itende au Mafinga, simu ikiwa si yako kuitumia utakavyo. UCAS wana sehemu ya kumtaja mtu mmoja anayeruhusiwa kuzungumza nao kwa niaba yako. Ijaze. Mtaje kaka, shangazi au mwalimu anayesoma barua pepe kila siku, na umwachie maelekezo kwa maandishi.

Majina

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Toa cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na cheti cha kidato cha nne, viweke mezani, usome jina herufi kwa herufi. Mwaisumo kwenye cheti kimoja amekuwa Mwaisumu kwenye kingine. Jina la babu lipo huku, kule halipo. Rekebisha kabla ya kuomba pasipoti, kwa sababu pasipoti ndiyo itakayofuatwa na kila karatasi baada yake. Pasipoti huombwa mtandaoni, ada ni shilingi 150,000 kwa namba ya malipo, halafu unafika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kwa alama za vidole na picha.

Maelezo binafsi

Tangu udahili wa 2026, UCAS hawataki tena insha moja ndefu. Wanauliza maswali matatu: kwa nini kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya masomo umefanya nini kinachokusaidia. Majibu yote kwa pamoja yasizidi herufi 4,000, nafasi zikihesabiwa, na kila jibu lisipungue 350.

Usianze na "Tangu utotoni nimevutiwa na ubongo." Wasomaji wao wameisoma sentensi hiyo mpaka wamechoka. Wewe una jambo la kweli la kusema. Katika mikoa hii watoto wanaanguka kifafa na majirani wanaogopa kuwagusa. Sehemu ya kifafa hicho hutokana na tegu wa nguruwe: mtu humeza mayai yake kwenye chakula au maji yenye uchafu wa kinyesi cha binadamu, viluwiluwi hufika kwenye ubongo na kutengeneza vifuko. Watafiti wamefika hadi Mbozi kupima nguruwe na watu kwa ajili hiyo. Kama umeona hali hiyo kijijini, eleza ulichokiona, kisha uulize swali la kisayansi: kwa nini kifuko kilichokaa kimya muda mrefu huanza kuleta degedege kinapoanza kufa? Swali la aina hiyo linaonyesha akili ya mtafiti kuliko orodha ya vyeti.

Kisha sema wazi kwa nini unataka mwaka wa kazi. Taja unachotaka kujifunza kwa mikono, kama kukuza seli, kusoma picha za ubongo au kuchambua takwimu.

Fedha na visa

Ukishakubali ofa na kutimiza masharti yake, chuo kitakutumia namba ya CAS, yaani uthibitisho kwamba kimekudahili, na ndiyo inayokuruhusu kuomba visa ya mwanafunzi. Hakikisha inaonyesha miaka minne na inataja mwaka wa kazi. Sheria ya visa inaruhusu kazi hiyo mradi ni sehemu ya kozi inayopimwa na haizidi nusu yake.

Fedha za ada ya mwaka wa kwanza na za kujikimu lazima zikae benki siku 28 mfululizo bila salio kushuka chini ya kiwango, hata kwa siku moja. Zikiwa kwenye akaunti ya mzazi, ambatisha cheti cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa. Chochote kilicho kwa Kiswahili kitafsiriwe rasmi. Kuna pia tozo ya afya, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na inalipwa kwa mkupuo kwa muda wote wa visa. Familia nyingi huiona siku ya mwisho, nayo kwa miaka minne inapita pauni 3,000.

Kipimo cha kifua kikuu ni lazima kwa anayetoka Tanzania, kwenye kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza. Kifanye kwanza, maana cheti chake kinaingia kwenye maombi.

Kuhusu ufadhili: Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, ni ya shahada ya uzamili, usiipotezee muda sasa. Uliza chuo chenyewe kuhusu punguzo la ada kwa wanafunzi wa kimataifa.

Ukishafika

Maombi ya nafasi za kazi huanza mapema mwaka wa pili, na kampuni nyingi hufunga kabla ya Krismasi. GSK, kampuni ya dawa yenye maabara katika mji wa Stevenage, huchukua wanafunzi wa namna hii. Kwa hiyo likizo ya mwisho wa mwaka wa kwanza andaa wasifu wa ukurasa mmoja au miwili, upeleke kwa mratibu wa mafunzo kazini wa kozi yako wiki ya kwanza ya masomo, na umuulize wanafunzi wa mwaka uliotangulia walikwenda wapi.