Jiko la mkaa halitaki kuni

Nauza majiko ya bati yenye chungu cha udongo ndani, yale ya kiuno chembamba. Kila siku naulizwa, "Fundi, humu naweza kutia kuni?" Hapana, mama. Tia mkaa tu.

Moshi wa mkaa uliishia kwenye tanuri kule porini. Mkaa wenyewe unataka hewa kidogo kutoka chini na ukuta unaoshika joto, ndiyo maana jiko hili, lililobuniwa Kenya miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand, lina matundu chini na kimlango kimoja. Kuni bado zina moshi, na mwali wake unahitaji nafasi ya kupanda ili uuchome. Humu unagonga sufuria mapema, na masizi utasugua wewe.

Moto wa kwanza uwe mdogo, udongo uzoee. Vunja mkaa ulingane na ndimu, chenga ziweke kando kwa sababu zinaziba matundu. Usirundike hadi sufuria ikose kukaa kwenye vyuma vyake. Washia vifuu au magunzi, si mfuko wa plastiki. Kimlango kiwe wazi mpaka mkaa uive, kisha bandika. Maharage yakishachemka, kifunge ubaki upenyo wa kidole. Mkaa unaokolewa hapo. Wengine wanakiacha wazi hadi chakula kiive, halafu wanasema jiko langu linakula mkaa! Ukimaliza usimwagie maji, chungu kitapasuka. Hamishia makaa kwenye debe lenye mfuniko.

Na mkaa mwekundu usio na moshi usikudanganye. Unatoa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na inaua. Usilale na jiko linalowaka chumbani hata kwa baridi ya Makete.

Mwenye jirani seremala ajaribu maranda. Chukua debe, toboa ubavuni karibu na kitako, penyeza kijiti kinene, simamisha chupa katikati ikutane nacho. Shindilia maranda makavu kidogo kidogo, kwa nguvu, maana yakiwa legelege tundu litabomoka na moto utazimika kwa moshi. Chomoa chupa ukiizungusha taratibu, kisha kijiti. Washia kwa chini, nje ya nyumba. Moto unakula kuanzia katikati kwenda pembeni, na huwezi kuongeza maranda ukiwa unapika, kwa hiyo jaza debe zima kwa ajili ya makande, si chai.